Ahadi ni Deni: Niliyojifunza kwa Wasomaji Walioikasirikia Riwaya ya Kwanza ya Tana French

Wiki tatu zilizopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Tanga ambaye amekuwa akisoma makala zangu tangu nilipoanza kuandika kuhusu riwaya za upelelezi. Aliniamkia kwa adabu, akaniita mwalimu, kisha akaniambia bila kuzunguka kwamba nimempotezea wiki nzima. Alikuwa amesoma In the Woods, riwaya ya kwanza ya Tana French, kwa sababu niliisifu mimi, na alipofika ukurasa wa mwisho bila kuambiwa watoto wawili waliopotea msituni walipatwa na nini, alikitupa kitabu kitandani akabaki anakitazama. Mwishoni mwa ujumbe ndipo alipotoa lililokuwa likimsumbua hasa. Yeye mwenyewe ana mswada wa riwaya ya upelelezi, watu sita wameusoma, watatu wameupenda na watatu wamemwambia kwamba amewatapeli. Aliuliza amsikilize nani.

Nilimjibu kwa mistari miwili, nikamwahidi makala. Ninaiandika kwa urefu kwa sababu swali lake liliwahi kuniunguza mimi kabla yake, na kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mna daftari au faili mahali fulani lenye maiti katika sura ya kwanza.

Kwa ambaye hajakisoma kitabu hicho, nitaeleza kwa kifupi, na muuaji sitamtaja. Mwezi Agosti mwaka 1984, watoto watatu wa miaka 12 wanaingia katika msitu ulio nyuma ya nyumba zao huko Knocknaree, kitongoji cha kubuni nje kidogo ya Dublin. Polisi wanampata mmoja tu, Adam Ryan, amejibana kwenye shina la mti, kucha zimezama katika gome, viatu vyake vina damu, na kumbukumbu yote ya saa zile imefutika. Miaka 20 baadaye mtoto huyo ni mpelelezi wa mauaji. Anatumia jina lake la kati, Rob, na lafudhi aliyoipata katika shule ya bweni Uingereza inamficha vizuri. Ndipo msichana wa miaka 12, Katy Devlin, mchezaji wa baleti, anapokutwa amekufa juu ya jiwe la kale la madhabahu, mahali wanapochimba waakiolojia karibu na msitu ule ule, wakiwahi kabla barabara kuu haijapita juu yake. Kwa taratibu za kazi Rob alipaswa kujitoa katika kesi hiyo siku ile ile. Hakujitoa. Anayeijua siri yake ni mwenzake wa kazi peke yake, Cassie Maddox.

Kitabu kilitoka mwaka 2007, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Edgar ya riwaya ya kwanza bora, pamoja na tuzo za Anthony, Macavity na Barry za aina hiyo hiyo. Tuzo ya Edgar katika kundi hilo hupewa mwandishi wa Marekani, na French alistahili kwa sababu alizaliwa Vermont, ingawa ameishi Ireland tangu mwaka 1990, alisomea uigizaji Trinity College, na kitabu chenyewe ni cha Kiireland hadi kwenye matope ya viatu. Majaji, basi, walikubaliana. Wasomaji hawajakubaliana hadi leo.

Nimesoma maoni yao kwa miaka mingi, na kuna jambo ambalo hujirudia mpaka nikalizoea. Yule anayekisifu na yule anayekilaani husifu vitu vile vile. Wote wawili wanaupenda urafiki wa Rob na Cassie, wanavyotaniana, wanavyohoji watuhumiwa kwa kupokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Wote wanaisifu lugha, joto la kiangazi kile cha watoto, na jinsi msitu unavyokaa nyuma ya kila sura hata wasipoutaja. Wanapofika mwisho ndipo wanapoachana njia. Kesi ya Katy inafumbuliwa: muuaji anajulikana, na aliye nyuma ya muuaji anajulikana pia. Fumbo la mwaka 1984 linabaki wazi, na vitabu vitano vilivyofuata kuhusu kikosi hicho hicho cha Dublin, cha mwisho kikiwa cha mwaka 2016, havikurudi kulifunga. Wapo pia wanaolalamika kwamba walimtambua mwovu mapema mno huku Rob akiendelea kutoona, na wapo wasiomsamehe Rob kwa alivyomtendea Cassie. Hayo, hata hivyo, ni malalamiko ya pembeni. Kidonda ni kile cha watoto wawili.

Katika kikundi chetu cha usomaji hapa Morogoro tulikuwa watu wanane na nakala mbili, moja ikiwa niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, jalada limepindwa na pembe zimeliwa. Nilikipendekeza mimi, kwa hiyo siku ya mjadala nilikaa kama mzazi wa bwana harusi. Muuguzi mmoja mstaafu, ambaye tunamheshimu sana kwa sababu husoma polepole na hasahau kitu, alikisukuma kitabu juu ya meza mpaka kikanifikia mkononi, akasema, "Mwalimu, hebu niambie, huyu mwandishi anatudai au tunamdai?"

Nilimjibu vibaya. Nilimweleza kwamba maisha nayo hayana majibu, kwamba msomaji aliyekomaa hapaswi kutafuniwa kila kitu. Alinyamaza. Wiki iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia hakuja. Mpaka leo nikikumbuka nilivyomjibu mama yule mbele ya watu, moyo hunisuta.

Sikumjibu kwa ajili ya Tana French. Nilimjibu kwa ajili yangu, kwa sababu wakati ule nilikuwa na mswada wangu wa kurasa 310, ulionichukua miaka mitatu ya kuamka saa kumi alfajiri kabla ya kwenda shule. Ulihusu msichana aliyepotea katika shamba la mkonge, na askari aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi wa shamba hilo anayerudi kuchunguza. Ninasema bila kujikweza kwamba sura yake ya kwanza ni nzuri. Wote walioisoma wamesema hivyo, na ninaamini hivyo mpaka sasa. Mwisho wake ulikuwa kwamba askari anasimama kati ya mistari ya mkonge, jua linazama, na hakuna kinachojulikana: msichana hakuonekana, aliyemchukua hakutajwa, hata askari mwenyewe hatujui amebadilika nini. Niliuona mwisho huo kuwa ujasiri. Nilikuwa nimesoma riwaya ya Kiireland iliyofanya hivyo na kupata tuzo nne.

Mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji alinirudishia mswada kwa barua ya aya moja. Aliandika kwamba lugha ni safi, wahusika wako hai, lakini hadithi haina mwisho, na kwamba msomaji angejiona ameibiwa. Nilimwandikia kurasa mbili za kujitetea. Nilimtajia kitabu cha French, nikamtajia tuzo zake moja baada ya nyingine, nikamwambia kwamba wachapishaji wetu ndio wanaotuchelewesha. Hakujibu. Sikumlaumu yeye peke yake wakati ule. Nilimlaumu kila mtu, na kwa mwaka mzima na zaidi sikuandika hata mstari mmoja wa hadithi.

Kilichonirudisha kazini ni kukisoma kitabu kile upya, safari hii nikiwa na swali la yule mama mkononi. Nilikisoma nikihesabu madeni. Ahadi ni deni, na riwaya ya upelelezi ina ahadi nyingi kuliko hadithi nyingine yoyote, kwa sababu kila kitu kinachookotwa katika sura ya kwanza ni hati ya deni. Nikaona kwamba French alikopa mara mbili na akalipa mara moja, na kwamba lile alilolilipa alililipa lote. Kifo cha Katy kina chanzo, kina mkono uliotenda na ulimi uliochochea, na kila kidokezo kilikuwa mbele ya macho yetu tangu mapema. Zaidi ya hapo, alitutahadharisha kuhusu deni la pili. Mara tu baada ya kile kiangazi cha watoto kusimuliwa, Rob anatuambia yeye mwenyewe kwamba yeye ni mtu wa kuutafuta ukweli na pia ni mtu wa kusema uongo. Mtu aliyekuambia hivyo mapema hivyo, kisha akafika mwisho bila kukumbuka yaliyomtokea, hajakudanganya. Tena kushindwa kwake kukumbuka ndiko kunakomfanya aiharibu kesi ya Katy na kumpoteza Cassie. Fumbo lililoachwa wazi linafanya kazi ndani ya lile lililofungwa.

Hata ile barabara nikaiona upya. Ireland ya miaka ile ilikuwa ikijenga kwa kasi ya ajabu, na mabishano kuhusu barabara kuu ya M3 kupita karibu na kilima cha kale cha Tara yalikuwa makali, mpaka ikafunguliwa mwaka 2010. Riwaya inaweka waakiolojia wakichimba kwa haraka, wakijua kwamba wasichokifukua kitafunikwa na lami wala hakitajulikana tena. Msomaji wa Dublin aliyesoma hayo alikuwa na sababu ya kuelewa kwamba baadhi ya mambo ya mwaka 1984 hayatafukuliwa. Askari wangu katika mkonge hakuwa na kitu kama hicho. Mimi nilikopa mara moja, sikulipa, nikaita kutolipa kwangu sanaa.

Vilevile nililielewa jambo moja kuhusu sisi. Wasomaji wengi wa Kiswahili tumelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi anayevuta kiko chake na mwishoni akaeleza kila uzi ulikotoka na ulikokwenda. Anayekulia hapo hasomi fumbo kama mapambo. Analisoma kama amana. Mama yule hakuwa msomaji mchanga. Alikuwa mdai anayejua haki yake, na mimi nilimjibu kama mtoto aliyefumaniwa.

Sasa nirudi kwa kijana wa Tanga, na kwa wewe unayesoma ukiwa na mswada wako. Wasikilize wote sita, lakini usihesabu kura. Wale watatu waliokasirika waulize swali moja tu: ni wapi ulianza kuamini kwamba nitakuambia? Watakuonyesha ukurasa. Nenda kwenye ukurasa huo, utaikuta ahadi uliyoitoa bila kujua. Wale watatu waliopenda waulize hivyo hivyo, kwa sababu aghalabu wao hawakuisikia ahadi hiyo, au waliisikia nyingine. Wasomaji wa French wanaokipenda kitabu chake humtaja Rob na Cassie kabla hawajataja msitu. Wanaokichukia hutaja msitu kwanza. Kila mmoja anadai alichoahidiwa.

Kisha uamue unalipa deni lipi, na ulilipe kikamilifu. Ukitaka kuacha fumbo moja wazi, funga jingine kwa nguvu zote, na hilo la wazi liwe limemgharimu mtu kitu tulichokiona kwa macho. Msomaji humsamehe mpelelezi aliyeshindwa. Humuwia vigumu kumsamehe mwandishi aliyekwepa.

Na tafadhali, ndugu zangu, usimjibu msomaji. Hili nalirudia katika kila makala na nitaendelea kulirudia, kwa sababu naona waandishi wetu wachanga wakigombana na watu walionunua vitabu vyao kwa fedha za jasho. Mtu aliyekaa na kitabu chako siku nne mpaka akakasirika amekupa heshima kubwa. Asiyejali hakasiriki. Usimwambie hajaelewa, wala usimtajie tuzo za mtu mwingine kama nilivyofanya mimi. Andika alichosema, weka kalamu chini, ondoka mezani. Kiburi cha mwandishi wa kitabu cha kwanza ni kibaya kuliko makosa yake yote ya sarufi, nami nasema hivyo kwa sababu nimekilipia kwa miaka.

Mwaka jana niliandika upya kurasa 90 za mwisho. Sasa msichana wa shamba la mkonge anapatikana, na aliyemchukua anajulikana. Kilichobaki wazi ni jambo moja tu, kama baba wa yule askari alijua na akanyamaza, na jambo hilo nimelipanda tangu sura ya pili, pale mzee anapoulizwa saa ngapi alirudi nyumbani naye akaanza kunoa panga.

Mwezi uliopita niliufunga mswada kwa uzi, nikaupeleka nyumbani kwa yule muuguzi mstaafu. Niliomba radhi mlangoni kabla sijakaribishwa ndani. Aliupokea, akaupima uzito kwa mkono, akaniambia nimpe muda kwa sababu macho yake si ya zamani. Jumamosi iliyopita nilipita kumsalimu nikaukuta juu ya meza, penseli imelazwa kati ya kurasa. Pembeni mwa ukurasa uliokuwa wazi ameandika alama ya kuulizia, kubwa, na kuipigia mstari. Ni pale mzee anapolinoa panga. Nilikunywa chai yangu, tukazungumza habari za mvua na bei ya mchele, nikaaga.