Babu wa Pwani Anajibu: Watoto wa kasa bila mama

SWALI: Shikamoo Babu. Juzi jioni kisiwani Juani niliona watoto wa kasa wakitoka mchangani na kukimbilia baharini, mama yao hayupo. Wanajuaje njia? Nilitamani kuwabeba niwatie majini. – Msomaji, Kilindoni, Mafia

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mama alishakwenda zake. Kasa akifukia mayai harudi kuyatazama. Huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi, na watoto husubiri mchanga wa juu upoe, ndiyo maana wengi hutoka usiku. Hapo hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa ya hoteli au tochi yako huwapoteza hadi vichakani, na huko kuna kaa.

Wakifika majini huyakabili mawimbi na kuogelea karibu siku nzima bila kupumzika, riziki yao ikiwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Mbali na pwani huongozwa na usumaku wa dunia. Wengi huliwa na samaki hata hivyo.

Kuwabeba? Hapana, waache watambae wenyewe. Zima tochi, sawazisha nyayo zako mchangani, maana kwao unyayo wa mtu ni korongo. Na kunguru wafukuze; mimi hiyo kazi naifanya kwa furaha, wameshaniibia samaki wa kutosha uanikoni. Ukiona kiota kipya, waambie Sea Sense, lile shirika la kuhifadhi kasa; wana watu wao huko Mafia.