Wasomaji Wauliza: Mto Ukifurika, Mbwa na Paka wa Kituo Wahamie Wapi?

SWALI: Hamjambo wahariri. Kikundi chetu kinalea mbwa na paka waliotupwa, hapa Ahero karibu na Mto Nyando. Tuna mbwa 30 na paka 12. Masika yaliyopita maji yalitupata usiku tukaokoa wanyama kwa kubahatisha. Tujipange vipi?
Msomaji, Ahero

JIBU: Anzeni kwa kuhesabu saa, vifaa vitafuata. Pikapu ya kawaida hubeba mbwa wanane hivi bila kuumizana, kwa hivyo mbwa 30 ni safari nne. Mkiwapeleka upande wa Awasi ambako ardhi imeinuka, kwenda, kushusha na kurudi kutachukua kama saa moja kila safari. Kumshika na kumfunga mbwa mmoja ni dakika tano. Kwa wote 30 ni saa mbili na nusu. Kazi nzima inakaribia saa saba, na mto uliokwisha kuvunja kingo hauwapi muda huo.

Nyando hujazwa na mvua ya milima ya Nandi na Kericho. Ahero inaweza kushinda na jua kali na bado mto ukafurika. Fuateni utabiri wa nyanda za juu, si wa kwenu tu, na mpate mtu anayeishi juu ya mto wa kuwapigia simu. Waulizeni wazee wa hapo maji hupanda kwa kasi gani, kisha pakeni mstari mwekundu kwenye nguzo ya ukingoni, pale ambapo yakifika bado mna muda wa kutosha. Maji yakigusa mstari, mnahama, hata kama ni usiku wa manane na mwenyekiti hashiki simu. Mahali pa kuhamia pawe pamekubaliwa na mwenyewe mapema, na pawe na ua.

Wa kwanza kushikwa ni paka. Kelele zikishaanza hujificha darini na hamtawapata tena. Matenga ya kuku yanafaa, mradi kifuniko kifungwe kwa waya. Yawekeni kwenye chumba chao tangu sasa, na gunia ndani, wazoee kulala humo. Mbwa kila mmoja awe na kamba yake ya manila ya mita mbili, yenye kitanzi kilichozuiwa kwa fundo ili kisimnyonge. Ndani ya pikapu, mfungeni kwa ufupi asiweze kuufikia ukingo wa gari: mbwa aliyefungwa kwa kamba ndefu huruka nje na kujinyonga. Wenye parvo au distempa, magonjwa ya mbwa yanayoambukiza haraka, wapakiwe safari ya mwisho, peke yao, na gari lioshwe.

Jambo linaloua wanyama wengi bila sababu ni kufuli. Funguo kumi na mbili tofauti, giza, mvua, na mwenye funguo amelala kwao. Msimu wa mvua tumieni komeo ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua gizani. Na ikibidi mkimbie mkiwaacha, fungueni milango yote, toeni minyororo na kamba, muwaachie ukosi tu wenye nambari yenu ya simu. Mbwa aliye huru huogelea, au hupanda mahali. Aliyefungiwa hana njia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa idungwe wiki nne au zaidi kabla ya mvua ya Machi. Ikidungwa siku ya mafuriko, bado haijamkinga.

SWALI: Maji yaliingia stoo, unga wa mahindi na chakula cha mbwa vikalowa. Tukivianika na kupika ugali ukaiva vizuri, mbwa wanaweza kula? Na mabanda tuyaoshe na nini?
Msomaji, Rhonda, Nakuru

JIBU: Wasile. Mahindi yaliyolowa huota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa wala kwa kuanikwa. Huharibu ini: mbwa hukataa chakula, hutapika, macho na fizi huwa njano, na wengine hufa siku kadhaa baadaye. Msimpe jirani alishe ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa. Chakula hicho kifukieni kwenye shimo refu.

Mbwa wa kilo 15 hula kama gramu 300 za chakula kikavu kwa siku na kunywa lita moja ya maji, zaidi wakati wa joto. Wekeni akiba ya siku saba kwenye mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, juu ya rafu.

Mabanda kwanza yakwanguliwe tope, yaoshwe kwa sabuni, yasuuzwe. Hapo ndipo Jik inafanya kazi. Ikimwagwa juu ya tope inaishia kwenye tope. Nusu lita kwa ndoo ya lita 10, mchanganyiko mpya kila siku, ikae dakika kumi kabla ya kusuuza. Kamwe msiimwage juu ya mkojo: hutoa gesi inayochoma macho na kifua. Vaeni gambuti na glavu, maana mkojo wa panya ulioingia majini hubeba leptospira, vijidudu vinavyopenya kwenye mikwaruzo.

SWALI: Mbwa tuliyemtoa majini alimuuma mwenzetu mkononi. Jeraha ni dogo, ameliosha. Inatosha?
Msomaji, Budalangi

JIBU: Haitoshi. Aoshe tena kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha aende hospitali leo hii akapate chanjo ya kichaa na aangaliwe kuhusu pepopunda. Mbwa afungiwe peke yake siku kumi na afisa wa mifugo aarifiwe, lakini sindano ya kwanza isingoje siku hizo zipite. Mbwa akiugua au akifa, msimzike kabla afisa hajachukua sampuli. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Wale wanaoshika mbwa kila siku wanaweza kuchanjwa kabla ya kuumwa. Ulizeni hospitalini mkimpeleka mwenzenu.