Pembe za ng'ombe na duara la jua kichwani: ni Isis au Hathor?

Taji halitoshi kuwatofautisha miungu hawa wawili wa kike wa Misri ya kale, soma jina. Taji hilo lilikuwa la Hathor, lakini tangu Ufalme Mpya (kipindi cha Misri ya kale, kuanzia kama 1550 KK) Isis naye huvikwa. Kwenye kaburi la malkia Nefertari, Bonde la Malkia huko Luxor, Isis anayemwongoza malkia kwa mkono amelivaa lilelile.

Angalia maandishi ya picha (hieroglifi) yaliyo juu au mbele ya uso. Kiti cha enzi, yaani kiti kirefu chenye mgongo mfupi, ni Isis. Mwewe aliye ndani ya mraba ni Hathor. Alama hizo mbili tu zinakutosha ziara nzima, na mara nyingine Isis huvaa hicho kiti chenyewe kichwani badala ya pembe.

Kwenye nguzo ni rahisi zaidi: uso wa mwanamke unaotazama mbele, wenye masikio ya ng'ombe, ni Hathor, kama pale kwenye hekalu la Dendera. Ila usikisie kwa jina la hekalu. Hekalu la Philae ni la Isis, na bado Hathor yumo. Nyuso nyingi ziliharibiwa makusudi zamani, kwa hiyo jina ndilo lililobaki.