Kabla ya Kuandika "Ana Papara": Kwa Wanaoanza Kuwahudumia Wenye Maumivu ya Kichwa ya Klasta

Ninyi mnaoanza zamu katika zahanati na hospitali za huku Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega mtawaona wagonjwa wengi wa kichwa, na wengi wao watakuwa na malaria, shinikizo la damu au kipandauso. Maumivu ya kichwa ya klasta, ambayo mara nyingi huja kwa misimu ya mashambulio yenye mapumziko katikati, ni nadra. Hukadiriwa kumpata takriban mtu mmoja katika kila 1,000. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa namna hii hufika kwenu akiwa ameshapimwa malaria mara kadhaa, amepewa dawa za pua, pengine ameng'olewa jino lisilo na kasoro yoyote, na juu ya yote hayo amebandikwa sifa ya kuwa mtu wa papara asiyeweza kujitawala. Ninawaandikia kuhusu sifa hiyo, kwa kuwa huganda kwenye faili na kumfuata mgonjwa kila anakopelekwa.

Shambulio hushika upande mmoja tu, ndani au juu ya jicho au kwenye panja, na lisipotibiwa hudumu kati ya dakika 15 na 180. Jicho la upande huo huwa jekundu na kutoa machozi, pua huziba au kuchuruzika, na kope huweza kulegea. Linaweza kuja siku moja na kuruka nyingine, au likaja hata mara 8 kwa siku, na mara nyingi humwamsha mgonjwa usiku katika saa ileile. Mwaka 1998 watafiti wa London walionyesha kwa picha za ubongo kwamba wakati wa shambulio kuna shughuli isiyo ya kawaida karibu na haipothalamasi, sehemu inayosimamia usingizi na saa za mwili. Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulisoma na kulipita haraka: kutotulia kumo ndani ya vigezo vya kimataifa vya kuutambua ugonjwa wenyewe. Mwenye kipandauso hutafuta giza na kulala kimya, ilhali huyu hutembea, huinuka na kuketi, hujibonyeza jicho, hata hugonga kichwa ukutani.

Namkumbuka kijana wa bodaboda aliyeletwa na mama yake usiku, akizunguka chumba cha dharura huku ameshika panja la kushoto. Muuguzi alipojaribu kumlaza aliusukuma mkono wake, na mlinzi akaitwa. "Daktari, mtoto wangu amerukwa na akili," mama alisema, "alikuwa anagonga kichwa kwenye mlango wa bafu." Nikamwambia, "Pole, mama. Hebu nieleze, haya humwanza saa ngapi?" Akajibu bila kufikiri: "Saa nane. Kila usiku saa nane." Jicho la kushoto la kijana lilikuwa jekundu na limejaa machozi, na la kulia lilikuwa jeupe kabisa. Alivishwa barakoa yenye mfuko, akapewa oksijeni safi lita 12 kwa dakika, na kabla ya robo saa kwisha alikuwa ameketi mwenyewe, akimwomba muuguzi radhi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, asilimia 78 ya mashambulio yaliyotibiwa kwa oksijeni ya kiwango hicho yalikuwa yamepata nafuu kufikia dakika ya 15, dhidi ya asilimia 20 kwa hewa ya kawaida. Papara inayoondoka kwa oksijeni haikuwa tabia, na sindano ya usingizi ingetuficha ukweli huo. Kwenye faili andikeni mlichokiona na saa mliyokiona. Hukumu juu ya tabia na isubiri.

Sisemi kwamba papara ya kweli haipo kwa wagonjwa hawa. Wapo ambao hata miezi ya mapumziko, wakati hawana shambulio lolote, hukopa bila kuhesabu, huacha kazi kwa hasira ya dakika moja, hugombana barabarani, na jamaa zao watawaambia kwamba walikuwa hivyo kabla kichwa hakijaanza. Ndiyo maana swali la kwanza ni wakati: je, kitendo kilitokea ndani ya shambulio, katikati ya msimu wa mashambulio lakini nje ya maumivu, au katika mapumziko? Sehemu ya katikati ndiyo ngumu. Mtu aliyekatiziwa usingizi wiki tatu mfululizo, anayeogopa kulala kwa sababu usingizi ndio huleta maumivu, na pengine anameza prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza msimu, ambayo nayo huweza kufukuza usingizi na kubadilisha hisia, hataamua mambo kama anavyoamua akiwa mzima.

Kwa sababu hiyo hiyo, wanaosomea ushauri nasaha wawe waangalifu na dodoso. Kipimo cha papara cha Barratt, chenye maswali 30, huuliza mazoea ya mtu katika umakini, utendaji na kupanga mambo. Ukimpa mgonjwa katikati ya msimu, atajibu kuhusu wiki zake mbaya na wewe utadhani umepima maisha yake. Afadhali umpe katika mapumziko, au urudie. Kumbukeni pia kwamba wengi wa wagonjwa hawa huvuta sigara, na wavutaji kwa jumla hupata alama za juu katika vipimo vya papara hata wasipoumwa kichwa. Asiyewalinganisha na wavutaji wenzao ataulaumu ugonjwa kwa jambo lililokuja na sigara. (Na mwenye mtungi wa oksijeni nyumbani aambiwe waziwazi kwamba sigara haikaribii chumba hicho.)

Angalieni vilevile upande ambao mara nyingi hatuuandiki. Pombe huweza kuamsha shambulio mgonjwa akiwa katika msimu, mara nyingi ndani ya saa moja, na wengi huligundua hilo wenyewe wakaacha kunywa hadi msimu uishe. Mtu anayekaa na marafiki zake Jumamosi jioni akinywa soda, wiki baada ya wiki, bila kuagizwa na yeyote, amejizuia kuliko wengi wetu. Ulizeni jambo hilo na mliandike.

Mahali ambapo haraka huua ni kwenye dawa. Verapamili hutumika kuzuia mashambulio, nayo huweza kupunguza mwendo wa umeme wa moyo, kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo (ECG) hufanywa mwanzoni na tena dozi inapoongezwa. Mgonjwa aliyechoka huongeza vidonge mwenyewe, naye duka la dawa huweza kumuuzia bila swali. Sindano ya sumatriptani, ya kukatiza shambulio lililokwisha kuanza, haizidi mbili kwa saa 24, na asipewe mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kumkaripia hakusaidii; mweleze sababu, na mpe njia ya kuwasiliana nanyi dozi inaposhindwa.

Kuhusu kujiua, ulizeni moja kwa moja, mkiwa faragha, maumivu yakiwa yametulia: "Kichwa kinapokushika, huwa unawaza kujimaliza?" Kwa baadhi yao wazo hilo huja na maumivu na kuondoka nayo, na dakika hizo ndizo za hatari hasa kwa mtu aliye mwepesi wa kutenda. Wengine walinyamaza kwa kuogopa kushtakiwa. Waambieni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Kisha zungumzeni na familia kuhusu dawa za shambani na za mifugo: zifungiwe, na ufunguo ushikwe na mtu mwingine.

Maamuzi ya usiku yafanywe mchana. Mketi na mgonjwa pamoja na mkewe au ndugu anayeishi naye, mkubaliane ni kituo gani chenye oksijeni usiku, nani ataita pikipiki, na nani ataendesha, maana mgonjwa hatakiwi kuwa nyuma ya usukani. Mkubaliane pia kwamba katika msimu hakopi kwa simu wala hauzi kitu bila kulala juu ya jambo hilo na kushauriana. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshapatana bei ya pikipiki yake ili amlipe mganga, na mnunuzi alikuwa aje asubuhi. Mpeni barua fupi yenye jina la ugonjwa, kiwango cha oksijeni na namba ya kituo chenu, naye aikunje ndani ya kadi yake ya kliniki, ili muuguzi wa zamu asiyemfahamu aanze na mtungi kabla ya kumwita mlinzi.