Kabla ya kuiamini namba ya sukari: kwa mnaoanza kazi ya maabara

Anayeanza kazi maabara huzoea mashine upesi, lakini huchelewa kuzoea kuuliza damu ilitolewa saa ngapi na mgonjwa alikula lini. Miongoni mwa vipimo vya kemia ya damu, kipimo cha sukari ni kati ya vile visivyovumilia kabisa uzembe huo, kwa kuwa glukosi, yaani sukari ya damu, hutumika muda wote, mwilini na hata ndani ya kichupa.

Damu yote ya mtu mzima hubeba takriban gramu 4 au 5 tu za glukosi, ilhali ubongo peke yake hutumia zaidi ya gramu 100 kwa siku, kwa hiyo kiasi hicho kidogo hakina budi kurekebishwa bila kukoma. Baada ya mlo, seli za beta za kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha misuli kuipokea glukosi na kulifanya ini liiweke akiba kwa umbo la glaikojeni. Mtu akikaa bila kula, insulini hushuka, seli za alfa hutoa glukagoni, na ini huivunja akiba hiyo. Adrenalini na kotisoli nazo huipandisha sukari, ndiyo maana mgonjwa mahututi anaweza kukutwa na sukari ya juu bila kuwa na kisukari.

Damu ikishatolewa, ini na kongosho havina tena la kufanya, lakini chembe za damu zingali hai na zinaendelea kula. Sampuli iliyoachwa kwenye joto la chumba bila kutenganishwa hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya glukosi kila saa, na zaidi ikiwa chembe nyeupe ni nyingi mno. Kichupa chenye floridi ya sodiamu husaidia, ila msikifanye kinga kamili: floridi hukizuia kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa mfululizo wa kuvunja glukosi, hivyo upotevu huendelea kwa saa moja au mbili za mwanzo. Mimi huamini zaidi kutenganisha mapema plazima, yaani majimaji ya damu, na chembe zake. Kinyume chake, damu iliyotolewa kwenye mkono wenye dripu ya dekstrosi (ambayo ni glukosi) hutoa namba ya kutisha isiyo ya mgonjwa.

Viwango vya kutambua kisukari mtavikariri bila shida: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kwa aliyefunga kwa saa 8, 11.1 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au HbA1c (sehemu ya himoglobini iliyoshikana na glukosi) ya asilimia 6.5. Kwa asiye na dalili, jibu moja halitoshi, kipimo hurudiwa. HbA1c huakisi wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Pale zinapokufa mapema, kama katika selimundu, namba yake hupotosha. Glukomita, kile kifaa kidogo cha kupima sukari kwa tone la damu ya kidole, ni ya kufuatilia, si ya kuthibitisha ugonjwa, na kidole chenye mabaki ya tunda huidanganya kwa urahisi.

Jibu likiwa chini ya milimoli 3.0, pigeni simu wodini mara moja ili mgonjwa apimwe pale kitandani, hata kama mnashuku kwamba sampuli ilicheleweshwa. Saa ya kutolewa damu itachunguzwa baada ya simu hiyo.