Usimpe tochi ashike: kwa wazazi mnaotaka kufufua gari la zamani na kijana asiyetaka

Kabla hujanunua hata spana moja nikwambie hili ndugu yangu, usimpe mtoto tochi. Ukipita mitaani huku Mtwara jioni, Magomeni, Chikongola, Chuno, utakuta baba yuko uvunguni mwa gari, kijana kasimama pembeni na tochi, baba anafoka "mulika hapa, huku bwana, unamulika wapi?" na kijana wa watu macho yako uwanjani wenzake wanapocheza mpira. Huyo hajifunzi kitu. Kushika tochi sio kazi, ni adhabu, na mtoto wa miaka 15 anaijua tofauti yake vizuri sana. Nunua taa za kuvaa kichwani, kila mtu na yake, afu mpe kazi moja ambayo ni yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na wewe utoe mkono wako hapo. Mengine yote ntakayoandika yanatokana na hilo.

Gari letu ni Land Rover 109, Series III, injini ya petroli ya lita 2.25, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Lilikuwa la marehemu baba yangu, limekaa miaka mingi chini ya mkorosho, majani yameozea juu ya bodi, siafu wamehamia kwenye siti. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, mambo yake ni simu na mpira, na kwake gari la babu lilikuwa chuma chakavu kinachomaliza nafasi pale nyumbani. Naandika kwa ajili yenu mnaoanza, mwenye gari la hivyo na kijana wa hivyo.

Kazi niliyompa ni umeme. Watu wengi wanaanza na bodi, wanampa mtoto msasa, hapana jamani, msasa unaweza ukapiga wiki nzima na gari linaonekana vilevile, sasa mtoto ambaye hakutaka toka mwanzo hapo umeshampoteza. Umeme majibu yake yanakuja palepale, unaunganisha, taa inawaka au haiwaki, na kama haiwaki kuna sababu na sababu inatafutika. Alafu ni kazi ya akili, haihitaji misuli, mtoto anaweza kukuzidi ndani ya muda mfupi tu na hapo ndo utamu unapoanza kwa upande wake.

Waya za magari haya ya Kiingereza zina utaratibu wa rangi. Wa kahawia ni umeme unaotoka betri moja kwa moja, haujapita kwenye fyuzi, huo ndo wa kuheshimu kuliko yote. Mweupe unapata umeme ukifungua swichi. Wa kijani ni ule wa swichi ambao umeshapita fyuzi, ndo unaenda kwenye waipa, indiketa na geji. Mwekundu ni taa ndogo za mbele na za nyuma. Bluu ni taa kubwa, wenye mstari mweupe ni full, wenye mstari mwekundu ni dimu. Mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Ukishampa mtoto hayo tu tayari una mtu wa kushirikiana naye, ila mwambie kabisa kwamba gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi rangi haziaminiki asilimia zote, utakuta mtu kaunga waya wa spika kwenye taa ya breki, kwahiyo kila waya unafuatwa kwa testa mpaka mwisho wake.

Dogo alichora mchoro wake mwenyewe nyuma ya daftari la hesabu. Sikumwambia achore, aliona vinamchanganya akachora. Kuna jioni akaniambia "baba, taa ya nyuma kushoto umeme unafika mpaka kwenye holda ila haiwaki, na balbu nzima." Jibu nilikuwa nalo, nikanyamaza, nikaendelea na kabureta yangu. Hapa wazazi wengi tunashindwa, ulimi unawasha, unataka umwambie. Vumilia. Akazunguka pale, akachukua waya akagusisha ganda la taa na nguzo ya hasi ya betri, taa ikawaka. Kumbe ni ethi. Bodi ya Land Rover ni alumini, na alumini ikishika kutu yake haiwi nyekundu kama chuma, inatoa unga mweupe, na ule unga haupitishi umeme, sasa sisi tuko ukanda wa bahari, upepo una chumvi mwaka mzima, kila mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi pana huo unga. Akafungua skrubu, akakwangua mpaka alumini ikang'aa, akapaka grisi kidogo, akafunga. Taa ikawaka safi. Hakusema kitu chochote, akahamia kwenye taa ya kulia bila kuambiwa, na ilikuwa ndo mara ya kwanza amefanya jambo kwenye lile gari bila kuitwa.

Na hiyo chumvi ndo hiyohiyo itakayokusumbua kwenye bodi. Alumini ikigusana na chuma na pana unyevu wa chumvi, alumini inaliwa. Kwahiyo usidanganywe na ile sifa kwamba Land Rover haiozi, bodi haiozi kama gari zingine lakini chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, na ule ukuta wa chuma unaobeba dashibodi vinaoza, na pale bodi ilipofungwa kwenye chuma kwa bolti ndo pa kuangalia kwanza. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo urefu wote, ikilia ngangari sawa, ikilia butu au nyundo ikizama, hapo ni kukata na kuchomelea, na kuchomelea chesisi tafuta mtu wa kazi hiyo, sio sehemu ya kujifunzia.

Kuhusu spana sikilizeni vizuri maana hapa ndo vijana wanapokatia tamaa. Hizi gari nati zake nyingi ni za inchi, sio za milimita. Seti uliyonayo nyumbani ni ya milimita. Spana namba 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi na utadhani imekaa, lakini nusu inchi ni 12.7, kuna uwazi, na nati yenye kutu ukiivuta na spana yenye uwazi inachongoka pembe, ikishakuwa duara mnaanza kuhangaika na patasi na nyundo na hasira. 14 nayo haiingii kabisa kwenye 9/16 maana ile ni 14.29. Mtoto anaona yeye ndo hajui kufungua, kumbe kifaa sio chake. Nunua seti ya inchi hata iliyotumika, na kila nati yenye kutu ilowekwe dizeli leo ifunguliwe kesho. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndo uilegeze.

Kitu kingine kilichomvuta ni hendeli. Land Rover hizi zinawashwa kwa mkono pia, unaingiza chuma mbele unazungusha. Kabla ya kufikiria kuwasha injini iliyolala miaka, toa plagi zote nne, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale, kesho yake zungusha kwa hendeli taratibu. Mwambie kijana aweke dole gumba kwenye tundu la plagi ya kwanza wewe zungusha, atasikia hewa inavyomsukuma kidole. Hayo anayosoma darasani kuhusu injini ya mipigo minne, kuvuta, kubana, kulipua, kutoa, yako pale kwenye kidole chake. Afu silinda zinafuatana 1-3-4-2, mwache atafute mwenyewe kwa kidole ipi inafuata ipi. Uwazi wa pointi za distributa tuliuweka 0.35 mpaka 0.40 milimita kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, na wa valvu zote 0.25. Na siku ya kuwasha kwa hendeli kweli, plagi zikiwemo, dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli, maana injini ikirudisha nyuma inavunja mkono. Hilo nilimrudia mpaka akalisema yeye kabla yangu.

Usalama sibembelezi mimi. Hakuna mtu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo mazito, litikise kwanza kwa nguvu ndo uingie. Betri unatoa hasi kwanza na kurudisha hasi mwisho, maana ukianza na chanya spana ikigusa bodi umeunganisha betri nzima na mkono wako uko hapo. Vumbi la breki za zamani usipulize, shuu za enzi hizo zinaweza kuwa na asbesto, lowesha futa kwa kitambaa kibichi. Na mafuta ya breki yakimwagikia rangi yanaila, pia yanavuta unyevu wa hewa kwahiyo chupa iliyokaa wazi humu kwetu pwani imeshaharibika. Breki yeye alifungua na kusafisha, kufunga tulifunga wote na fundi akakagua.

Fundi naye umuandae. Mafundi wetu wengi wazuri mno wa kazi lakini kijana akisogea wanasema "dogo toka hapo utaumia", basi, umerudi mwanzo. Ongea naye pembeni kabla, mwambie huyu ndo mwenye umeme wa gari hili, ukitaka kugusa waya muulize. Fundi wangu alicheka lakini alifanya hivo, akamuita "fundi umeme" akamuuliza kweli swali, mtoto akajibu kweli. Na ukitaka kumkosoa mwanao subiri watu waondoke.

Simu usiipige vita. Ile simu unayoilalamikia ndo itakayokuagizia spea. Spea za hizi gari hapa Mtwara mjini hazipatikani zote, nyingi zinatoka Dar, Kariakoo na Gerezani, zinapanda basi zinakuja kama kifurushi. Muuza duka anataka picha ya kitu cha zamani na namba iliyogongwa juu yake, hiyo kazi mpe yeye, anapiga picha, anauliza bei maduka kadhaa, anakuletea. Wangu alianza kuniambia "baba huyu wa pili anauza feki, angalia maandishi yake" na alikuwa sahihi. Hela ya spea kubwa mimi nasubiri msimu wa korosho, minada ikianza ndo naagiza, nje ya hapo tunafanya kazi ambazo hazili hela, kusafisha, kufungua, kupanga nati kwenye makopo yenye majina.

Muda wa kazi uwe mfupi. Saa moja na nusu, ukiona mambo yananoga ndo acha, abaki na hamu. Siku ya Simba na Yanga usimwite, hata usijaribu. Wakati wa mitihani gari lifunike turubai.

Kitu ambacho sikukipanga mimi ni bibi yake. Tulienda Newala kumsalimia, dogo akamuonyesha picha za gari kwenye simu, bibi akaanza, huku tunakula ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, jinsi lile gari lilivyokuwa linateremka bondeni kufuata maji na kupanda nayo juu, maana kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa shida kubwa na kina mama walikuwa wanashuka kwa miguu kuyafuata. Na safari za Dar kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa 2003, mnafika mtoni mnasubiri pantoni, masika barabara tope mpaka kwenye ekseli. Mimi nilishamuhadithia hayo hakusikiliza hata moja. Kwa bibi alisikiliza mpaka mwisho na akauliza maswali. Kwahiyo historia ya gari usiitoe wewe, tafuta mtu mwingine aliyepanda.

Rangi ngojeni mvua iishe. Kwetu mvua zinaanza Novemba Desemba huko mpaka Aprili, ukipuliza rangi kwenye unyevu inatoka na ukungu mweupe. Kipindi cha kusi hewa kavu lakini upepo unaleta vumbi, kwahiyo ni alfajiri, chini mmemwagia maji. Alumini inataka praima yake, ukipaka ya chuma inabanduka kama ganda.

Na akikataa kabisa je? Kuna kipindi wangu aliacha, hakugusa gari muda mrefu tu, indiketa ziko nusu. Fundi akasema nizimalize tu ni kazi ya dakika chache. Nikakataa. Kazi ni ya kwake, ukiimalizia umemwambia hukuwa unamhitaji. Sikumfokea, sikuifunga na hela ya shule wala na simu, mimi niliendelea na zangu na zile waya zikabaki zinaning'inia anaziona kila akitoka. Alirudi mwenyewe, akaanza kwa kuuliza testa iko wapi.

Kuendesha barabarani sio mpaka leseni, na leseni ni miaka 18, hilo tumeshakubaliana. Kadi ya gari na umiliki vishughulikieni mapema kama gari ni la marehemu, msisubiri limalizike ndo muanze kutafuta karatasi za mirathi. Kwetu sasa hivi injini inawaka, taa zote zinawaka, imebaki gia boksi, gia ya tatu inaruka ukiachia mafuta. Hiyo ninaipeleka gereji maana siiwezi. Dogo kaomba iwe wakati wa likizo ili awepo ikifunguliwa, nimeshaongea na fundi, kasema aje na ovaroli yake.