Farasi hakuangusha hata mti mmoja, mbona amekuwa wa nne?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni saisi kwenye mabanda ya farasi huku Kunduchi, Dar es Salaam. Miaka miwili sasa tajiri ananiruhusu kumpanda farasi mmoja aliyehasiwa, zamani alikuwa wa mbio kule Ngong, Nairobi. Juzi tuliingia mashindano ya kuruka viunzi, daraja la hanta, viunzi vinane vya sentimita 80. Hakuangusha mti wa kiunzi, hakukataa hata kiunzi kimoja. Tukawa wa nne. Aliyeshinda aligonga mti kwa mguu wa nyuma, sote tuliusikia. Hesabu hiyo imekaaje? Video nimekutumia.

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Hesabu unayoipiga wewe ni ya mashindano mengine. Kwenye kuruka viunzi kwa kawaida, mti ukianguka ni makosa manne, na saa inamaliza ubishi. Farasi aruke kama mbuzi aliyekata kamba, akifika mwisho safi na mapema, amechukua. Hanta haiendi hivyo, hapo mwamuzi anapima namna farasi anavyokwenda na kuruka. Asili yake ni uwindaji wa mbweha huko Uingereza na Ireland: mtu anakaa kutwa juu ya tandiko akifuata mbwa, anavuka ua, ukuta wa mawe, mtaro. (Kuwinda mbweha kwa mbwa kumepigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya 2004, lakini mashindano ya hanta yapo palepale.) Mwamuzi anajiuliza jambo moja: farasi huyu ningeweza kukaa juu yake kutwa nzima nikarudi nyumbani mgongo wangu ukiwa salama?

Wamarekani wanatoa alama hadi 100. Kuangusha mti au kukataa kiunzi mara nyingi kunakushusha chini ya 50, hata mengine yote yawe mazuri. Kuugusa mti usianguke ni habari nyingine, hapo mwamuzi anautazama mruko wenyewe ulikuwaje. Yule aliyeshinda alikunja magoti sawasawa, yote mawili juu, mgongo ukapinda kama upinde. Ukwato wa nyuma ukagusa mti, basi. Hata mimi ningempa yeye.

Sasa wewe. Video nimeitazama mara nne. Kiunzi cha kwanza hadi cha pili farasi wako kapiga hatua tano, nzuri tu. Mstari wa viunzi viwili wa upande wa pili, ambao kwa jicho langu ni umbali uleule, kapiga nne, akaruka kutoka mbali, wewe ukaachwa nyuma unaning'inia kwenye hatamu. Ukaogopa. Kabla ya kiunzi cha saba ukamvuta: kichwa kikapanda juu, mdomo ukafunguka, mkia ukapiga kulia na kushoto, akaongeza kihatua kifupi miguuni mwa kiunzi. Akavuka, ndiyo. Lakini mwamuzi alishaandika. Tatizo lako ni mwendo. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba kila anapoona nafasi mbele yake aijaze, na akikimbia hivyo anaruka bapa, mgongo umenyooka kama ubao.

Bahati yako uko Kunduchi, una daftari ambalo watu wa bara hawana: mchanga wa pwani. Siku chache baada ya maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, maji hupwa alfajiri. (Bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, usiifuate kwa kazi hii: maji yanapwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali.) Mpeleke kwenye mchanga mbichi ulioshikamana, si ule mkavu wa juu unaochosha kano za miguu. Mpe shoti ya taratibu, mstari ulionyooka, mita mia hivi. Kisha shuka, rudi na futi ya fundi ujenzi. Pima kutoka alama ya ukwato mmoja hadi alama ya ukwato uleule unaofuata. Kama wako amepigwa viatu vya mbele tu, alama ya chuma itakuonyesha.

Waandaaji wa viwanja wanakadiria hatua moja ya shoti kuwa mita 3.65 hivi. Mstari wa mita 22 una hatua sita. Toa moja inayoliwa na kutua pamoja na kurukia, zinabaki tano. Lakini usihangaike kwanza kuipata 3.65. Angalia kama zinalingana. Ukikuta 3.20, 3.50, 3.90, 4.10, mchanga umekuambia kile mwamuzi alichokiona. Nimewahi kumpimia hivyo mwanafunzi aliyekuwa akiniapia kwamba farasi wake anakwenda sawa kama saa. Alipofika alama ya saba akanyamaza mwenyewe.

Zikishalingana, laza miti miwili chini, mita 22 katikati, bila kiunzi. Ipite kwa hatua tano. Kesho yake kwa sita, kwa kukaa wima na kupumua, si kwa kuvuta. Kisha tano tena. Wiki tatu za hivyo kabla hujainua mti wowote.

Usidanganywe na wale watakaokuambia umzungushe kwa kamba saa nzima asubuhi ya mashindano ili aingie uwanjani mpole. Farasi aliyechoka si farasi mtulivu, na waamuzi wengi wanatambua. Halafu kwa joto na unyevu wa Dar unaweza kumwua. Wapo farasi ambao jasho linakauka kabisa katika hali ya hewa kama yetu: anahema kwa kasi, ngozi ya moto, kavu. Ukiona hivyo ni kivuli, maji mengi ya kummwagia mwilini, na daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Tena kuna hili, maana hujui mwamuzi wa msimu ujao atatoka wapi. Kwenye maonyesho ya hanta ya Uingereza mwamuzi anapanda farasi yeye mwenyewe. Farasi wako kwa miaka miwili amezoea makalio yako tu. Kuanzia wiki hii mtafutie mtu mwingine ampande, mzito kukuzidi kama yupo, nawe simama pembeni utazame masikio yake yanaelekea wapi.